Tao la Bi Mashavu

Nchi ya Magofuni haimo katika ramani yoyote, na ukiwauliza wenyewe watakwambia kosa ni la ramani. Sikudhani binti Fumu aliifikia kwa miguu, mkononi kapu lenye mwiko, patasi na timazi ya kupimia kuta, na kuhusu njia aliyopita hakuna la kusimulia: ilikuwa ndefu, kisha ikaisha. Alikuwa mwashi, mtoto wa mwashi, mwanamke wa miaka arubaini na ushei mwenye viganja vigumu na ulimi usiojua kunyamaza mbele ya ukuta uliopinda. Alikuwa amesikia kwamba katika nchi hiyo hakuna nyumba isiyo na ufa. Akajiambia, basi huko mwashi hatalala na njaa.

Nyumba ya kwanza aliyoikuta haikuwa na mlango. Palikuwa na tundu tu ukutani, na ndani watu wamezunguka sinia la chakula. Sikudhani alisimama nje, kama alivyofunzwa na mama yake, akaita, "Hodi!" Wale watu wakaruka kama waliomwagiwa maji. Mwenye nyumba akatoka, tonge bado mkononi, akamuuliza kumetokea nini.

"Hakuna kitu, kaka. Nabisha hodi."

"Ndiyo nini?"

"Naomba ruhusa ya kuingia."

Yule bwana alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Dada yangu, hapa wageni hawaombi. Wanaingia." Na kweli, hakuwa amemaliza kusema, mabwana wawili wenye kofia za manyoya walipita katikati yao, wakaingia, wakachungulia chunguni, mmoja akamshika bibi wa nyumba kidevu akamgeuza uso huku na huku, kisha wakatoka bila salamu. Mwenye nyumba akarudi kwenye sinia lake kana kwamba amepitiwa na upepo.

Ilimchukua Sikudhani siku tatu kuelewa mambo, na hata alipoyaelewa hakuyakubali.

Kaskazini ya Magofuni, ng'ambo ya milima ya theluji, zipo nchi za malodi, hao mabwana wa kofia za manyoya. Huko kijana wa ukoo mkubwa hahesabiwi kuwa mtu mzima, wala harithi ardhi ya baba yake, mpaka asafiri mwaka mzima kwenda kuelimika. Na mahali pa kuelimikia ni Magofuni, kwa sababu babu zao walielimikia hapo. Kila kijana huja na mlezi wa kumwongoza, ambaye wenyeji humwita mchunga-dubu, ila si mbele yake, na huja na Kitabu. Kitabu hicho ni habari za safari alizoandika babu yake, na vya mababu wote vinalingana neno kwa neno. Kazi ya kijana ni kuona aliyoyaona babu, mahali pale pale, na kuhisi aliyoyahisi babu, kwa kipimo kile kile. Ikiwa babu alitokwa na machozi mawili mbele ya nguzo fulani, mjukuu akitoa moja ni uvivu, akitoa matatu ni utovu wa nidhamu. Mwisho wa safari huandika habari zake mwenyewe. Zikilingana na za babu, hupigwa muhuri, naye anakuwa ameelimika.

Hebu niambie, kuna ujinga uliovalishwa joho zuri zaidi ya huo? Lakini wenye wazimu si malodi peke yao. Wakubwa wa Magofuni walipoona vijana hao hawakomi kuja, waliogopa kitu kimoja: kwamba siku moja lodi atakuta kitu tofauti na Kitabu, arudi kwao bila elimu, na wenzake wasije tena. Kwa hiyo wakatunga Sheria ya Uchakavu. Kisichokuwa kizima siku Kitabu kilipoandikwa ni marufuku kukitengeneza. Milango ilikuwa imeoza wakati huo, basi milango ni marufuku. Mapaa yanavuja, na yaendelee kuvuja. Iko idara nzima yenye watumishi wa kumwagilia kuvu maji kiangazi isikauke, na mbuzi kumi na wawili wa serikali wanaolala kwenye jumba la mahakama, maana Kitabu kinasema hapo palikuwa na mbuzi.

Sikudhani alipata pa kulala kwa Bi Mashavu, mjane wa miaka sabini, aliyeishi na binti yake Mwanaheri katika nyumba yenye tao kubwa la mawe mbele. Bi Mashavu alikuwa mtu wa kucheka. Alicheka akipika, alicheka akitafuta kiatu, alimcheka mgeni wake kwa kulala na timazi chini ya mto. Ila kila asubuhi, miezi mitatu ya msimu wa malodi, alijifuta uso kwa kitambaa, akaketi kwenye kigoda chini ya tao, akasokota sufu na kusikitika hadi jioni.

"Unasikitikia nini, mama?" Sikudhani alimuuliza.

"Kazi, mwanangu." Akamweleza. Katika Kitabu imeandikwa: *Chini ya tao lililopasuka ameketi ajuza, asokota sufu, na huzuni ya dunia nzima i usoni pake.* Ajuza huyo alikuwa bibi yake Bi Mashavu. "Wala hakuwa na huzuni ya dunia. Aliumwa jino. Lakini nani wa kumwambia lodi? Alipokufa akakaa mama, alipokufa mama nikakaa mimi. Miaka ishirini na sita nina jino la bibi yangu."

Kando, Mwanaheri alikuwa mbele ya ndoo ya maji akijitazama, akijifunza kushusha pembe za mdomo. Zamu yake ingefuata.

Sikudhani hakusikia vizuri maneno ya mwisho, kwa sababu macho yake yalikuwa juu. Alipanda juu ya mtungi, akatia mkono kwenye ufa wa tao, ukaingia mpaka kiwiko. Jiwe la katikati, lile linaloshikilia mengine yote, lilikuwa limeshuka upana wa vidole vitatu. Alilisukuma kidogo, vumbi likamwagika kwenye sufu ya bibi.

"Mama, hutafika mwisho wa msimu. Mvua ya kwanza ikiingia humu, tao hili linakushukia kichwani."

Bi Mashavu alicheka, halafu akaacha. "Najua. Vumbi linaongezeka kila siku. Naliona kwenye uzi."

"Na bado unakaa!"

"Nikikataa wanamweka Mwanaheri." Hilo hakulisema kwa kucheka.

Asubuhi Sikudhani alikwenda Idara ya Uchakavu kuomba kibali. Juu ya lango la idara paliwahi kuchongwa msemo *Mgeni njoo, mwenyeji apone*, lakini nusu yake ilianguka zamani, ikabaki *Mgeni njoo*, na sheria hairuhusu kuirudisha iliyoanguka. Mkuu wa idara, Mheshimiwa Kadiri, alimpokea ofisini chini ya mwavuli, ingawa mvua haikuwa ikinyesha. Maji ya jana yalikuwa bado yanadondoka darini. Alikuwa mtu mpole, mwenye kikohozi cha ubaridi, na alisikiliza mpaka mwisho.

"Gofu namba saba," akasema akifungua daftari. "*Tao moja, bovu. Ajuza mmoja, mwenye huzuni.* Lipo katika hali nzuri."

"Mheshimiwa, linaanguka!"

"Ndiyo nasema, hali nzuri."

Akaliitisha Baraza, maana ombi la kutengeneza halikuwa limeletwa tangu enzi za baba yake. Mzee mmoja wa Baraza alitoa hoja kwamba tao likianguka lote halitakuwa gofu tena, litakuwa kifusi, na Kitabu hakitaji kifusi. Mwingine akamjibu kwamba kilichovunjika kina haki ya kuendelea kuvunjika bila kuingiliwa na watu. Wakabishana mpaka adhuhuri kama ufa umekua tangu siku za Kitabu. Wakatuma mtu na kamba ya idara kwenda kuupima, kamba ikaonyesha umekua mara nne. Wakajadiliana tena, wakaamua kwamba kamba imefupika.

Sikudhani alikuwa amejizuia kadiri alivyoweza. Akasimama. "Kwetu hata mtoto anajua: usipoziba ufa, utajenga ukuta!"

Karani aliinua kalamu, akamtazama Mheshimiwa Kadiri kuuliza kama maneno hayo yaandikwe. Mheshimiwa akakohoa. "Andika. Ni uchochezi, lakini ni uchochezi wa zamani, una thamani ya kihistoria."

"Na bibi akiuawa?"

"Sheria haikumsahau. Kifungu cha tisa: anayefariki pamoja na gofu atawekewa kibao cha marumaru."

"Chenye jina lake?"

"Chenye jina la lodi atakayekuwa akitazama."

Uamuzi ukasomwa. Atakayeligusa tao atalibomoa kwa mikono yake mwenyewe, kisha atafukuzwa nchini. Sikudhani alitoka pale kwa hasira, akiwasema wale wazee kwa maneno ambayo baba yake angemchapa kwayo, hata akiwa na miaka arubaini na ushei.

Lakini hasira haimpi mtu haki juu ya nyumba ya mwenziwe. Alimkuta Bi Mashavu kigodani, akamweleza yote, kisha akasema, "Mimi nikifukuzwa nitachukua kapu langu niende. Wewe utabaki nao. Kwa hiyo sigusi jiwe bila idhini ya mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba nani?"

"Wewe, mama. Nani mwingine?"

Bi Mashavu aliacha kusokota. Katika daftari la idara alikuwa ameandikwa baada ya tao na kabla ya mbuzi, na katika miaka yake yote hakuna aliyewahi kumwita mwenye nyumba. Alitazama juu, akamtazama binti yake na ile ndoo ya maji. Alikuwa na hofu, na mwenye kudai kwamba mashujaa hawaogopi hajawahi kukaa chini ya jiwe lililolegea.

"Ziba," akasema. "Na uzibe mchana, watu wakiona. Sitaki kuonekana mwizi wa nyumba yangu."

Walifanya kazi siku nne, zilizobaki kabla ya lodi mwingine kufika. Sikudhani alilitegemeza tao kwa magogo, akaling'oa lile jiwe la katikati, akachonga jingine jipya, jeupe, lisilo na hata chembe ya kuvu. Mwanaheri alikanda chokaa mpaka viwiko vikabadilika rangi. Majirani walisimama mbali. Hakuna aliyesaidia, isipokuwa yule bwana wa nyumba ya kwanza, aliyepita na ndoo ya maji, akaitua karibu na chokaa huku amegeuzia uso upande mwingine, akaenda zake na kuisahau.

Siku ya nne Bi Mashavu alileta mbao za kitanda cha marehemu mumewe. "Tunaweza kufanya mlango?"

Sikudhani akafanya mlango, wenye bawaba za ngozi na komeo la mti. Alipokuwa akiutundika alimfundisha bibi kanuni zake. Mgeni husimama nje, husema hodi. Wa ndani akitaka, hujibu karibu. Asipotaka, hafungui mdomo. Mgeni atasema hodi mara tatu, na ya tatu ikipita bila jibu, huenda zake na hana haki ya kununa.

"Mara tatu tu?" Bi Mashavu alishangaa. "Hata akiwa mkubwa?"

"Hata akiwa nani."

Bi Mashavu aliufunga mlango, akaufungua, akaufunga tena. Alicheza nao hivyo mpaka wali ukaungua.

Asubuhi ya tano, hati za idara zilipokamilika, Mheshimiwa Kadiri alikuja na watumishi sita na nyundo. Alipoliona lile jiwe jeupe alishika kifua. Akampa Sikudhani nyundo, akamwambia, "Bomoa." Sikudhani akaiweka chini. Akampa tena, akaiweka chini tena. Wangeendelea hivyo hadi leo, kama baragumu isingelia barabarani: lodi aliyetazamiwa siku hiyo amefika, mapema kwa saa nne.

Ikawa patashika. Watumishi walilirushia tao maji ya kuvu, yakateleza kwenye chokaa mpya yakawalowesha wenyewe. Mmoja alijaribu kuuficha mlango kwa kusimama mbele yake. "Bi Mashavu," Mheshimiwa alinong'ona, "nakuomba, kaa. Sikitika. Nchi nzima iko usoni mwako."

Bi Mashavu akaketi.

Lodi Teodori alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mwenye chunusi na soksi za hariri, na pembeni yake mlezi wake, Daktari Gaspari, amekumbatia Kitabu. Walifika mbele ya tao, wakaligeuzia mgongo. Hiyo ndiyo desturi yao. Malodi hawavitazami vitu kwa macho matupu, huvipa kisogo, kisha huinua kioo kidogo cheusi na kuvitazama humo kupitia juu ya bega, kwa sababu babu zao walisema dunia hupendeza zaidi ikiwa na giza kidogo. Kijana akainua kioo.

Bi Mashavu alitazama juu. Jiwe lilikuwa limetulia mahali pake. Alitazama uzi wake, haukuwa na vumbi. Kitu kikampanda kutoka tumboni, na hakuwa na sababu ya kukizuia. Akacheka. Alicheka kwa sauti, huku akijipiga mapaja, mpaka machozi yakamtoka na sufu ikabiringika barabarani. Mheshimiwa Kadiri alifumba macho.

"Ameonekana?" Daktari Gaspari aliuliza.

"Ameonekana," alisema kijana. "Machozi natoa sasa?"

"Baada ya kugeuza ukurasa."

Alasiri Baraza lilikutana kusikiliza habari za lodi na kuzipiga muhuri. Watu walijaa kuliko kawaida, maana cheko lile lilikuwa limesikika mji mzima na kila mtu alingoja msiba. Kijana akasimama, akasoma kwa sauti nzuri: "*Chini ya tao lililopasuka ameketi ajuza, asokota sufu, na huzuni ya dunia nzima i usoni pake. Nilitokwa na machozi mawili.*"

Daktari Gaspari alifuatisha kwa kidole katika Kitabu, neno kwa neno, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Bi Mashavu alisimama nyuma ya umati. "Mwanangu," alimwita lodi, taratibu kabisa. "Mimi ndiye huyo ajuza. Uliniona?"

Kijana alimtazama mlezi wake, kisha karatasi yake. "Imeandikwa," akasema. Hakuwa na ubaya wowote, maskini. Hilo ndilo lililokuwa jibu lake lote.

"Mmesikia?" Bi Mashavu aliwageukia wenziwe, na sasa sauti yake haikuwa taratibu. "Nimecheka mpaka nimejikojolea, na kijana ameandika huzuni! Tao zima, ameandika bovu! Hawatutazami! Hawajawahi kututazama! Mama yangu alikufa kwa kifua chini ya paa linalovuja ili Kitabu kisikosee, kumbe wangeandika vile vile hata kama angekaa kwenye jumba la dhahabu. Tumeoza miaka sitini kwa ajili ya watu waliotupa kisogo!"

Mheshimiwa Kadiri aligonga meza. "Kosa ni kosa. Tao limetengenezwa. Bi Sikudhani atalibomoa, kisha—"

"Mheshimiwa," Sikudhani alimkatiza, "hizo habari za lodi unazipiga muhuri, au huzipigi?"

"Nazipiga. Zinalingana na Kitabu."

"Na zinasema tao limepasuka."

"Zinasema hivyo."

"Basi kwa muhuri wako, tao limepasuka, na mimi sijatengeneza kitu. Cha kubomoa kiko wapi? Au andika kwamba nimetengeneza, na bwana mdogo huyu arudi kwao bila elimu. Chagua moja, tuko hapa."

Daktari Gaspari alipauka. Mzee mmoja wa Baraza aliomba ile kamba iletwe tena, lakini hakuna aliyekwenda kuichukua. Mheshimiwa aliushika muhuri muda mrefu, akikohoa. Kisha akaupiga. Mlio wake ulikuwa mdogo tu, lakini yule bwana wa ndoo ya maji aliinuka, akamuuliza Sikudhani mbele ya watu wote, bila kugeuza uso, chokaa hupatikana wapi.

Mvua ilianza wiki ile ile. Nyundo zilikuwa zikisikika mtaa mzima, na zilikuwa za kujenga, si za kubomoa. Sikudhani na Mwanaheri walikuwa nyumbani kwa Bi Mashavu, wanakausha nguo. Bi Mashavu alikuwa amekilaza kile kigoda kichwa chini, anakitumia kukunjia uzi. Mara wakasikia hatua nje, na kikohozi wanachokijua. Mwanaheri alichungulia penye upenyo wa mbao.

"Ni Mheshimiwa. Amekunja karatasi mkononi. Amri ya kukufukuza wewe, Bi Fundi, nadhani, maana sasa mtaa mzima unajenga."

Kwa mazoea ya miaka mingi Mheshimiwa Kadiri alikuja moja kwa moja ili aingie, akajigonga kwenye mlango. Walimsikia anaupapasa kwa kiganja, juu na chini, kama anayetafuta mwisho wake. Mvua ilizidi. Wakangoja. Mwishowe ikatoka, sauti ya mtu anayetamka neno aliloliokota mtaani juzi.

"Hodi."

Sikudhani alimtazama mwenye nyumba. Mwenye nyumba aliendelea kukunja uzi.

"Hodi," akasema tena. "Bi Mashavu, ni mimi. Karatasi inalowa."

Bi Mashavu alijiziba mdomo kwa sufu, mabega yakimcheza.

"Hodi."

Hakujibiwa. Alisimama pale kitambo kidogo, labda akijaribu kukumbuka kama desturi ile ina kifungu cha nne. Kisha wakasikia hatua zake zikirudi barabarani kwenye mvua, naye Bi Mashavu akautoa mdomo kwenye sufu, akacheka ili asikie.